Maziwa Yaliyopita Motoni

Katika chuo chetu cha ualimu Mbulu mjini, baridi ya mwezi wa saba humkohoza kila mtu, kwa hiyo homa ya mwenzangu wa chumba haikumshangaza yeyote. Ilipanda jioni, ikashuka asubuhi. Asubuhi alikwenda darasani akicheka; jioni alijifunika mablanketi mawili huku akilalamikia magoti kama bibi kizee. Wasichana wa bwenini wakambandika jina la Mama Jioni.

"Mama Jioni, leo homa imechelewa?"

"Imepanda basi la Babati," aliwajibu. "Itafika tu."

Alinunua dawa ya malaria bila kupima. Akapata nafuu kidogo, homa ikarudi, akanunua tena. Ndivyo wengi wetu tulivyofanya: hospitali ina foleni, na duka la dawa liko njiani. Lakini mazoezi ya kufundisha yalikuwa yanakaribia, na mwanachuo asiyeyamaliza hurudia mwaka. Na kwao mwenzangu hakuna aliyewahi kufika chuo kabla yake. Wajomba walikuwa tayari wanauliza ataolewa lini, na bibi yake, aliyemlea, ndiye pekee aliyekuwa akiwanyamazisha. Kurudia mwaka kungekuwa sawa na kurudi nyumbani moja kwa moja.

Nikamsindikiza hospitali. Daktari alianza na swali.

"Kwenu mnafuga?"

"Sana."

"Na maziwa mnakunywaje?"

"Kwa mdomo, daktari."

Daktari akacheka, kisha akaagiza apimwe damu. Haikuwa malaria. Ilikuwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, ambao mtu huweza kuupata kwa kunywa maziwa mabichi. Unatibika, lakini dawa zake humezwa kwa wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi huteleza: homa hukatika mapema, mtu anajiona mzima, anaacha. Mwenzangu hakuacha. Dawa zilimchafua tumbo, ugali ukamshinda, naye aliendelea kuzimeza huku amekunja uso, akiziambia, "Nyinyi mtanifukia, lakini si mwaka huu." Sijaona ujasiri wa kimya kama ule.

Alipomaliza dozi, likizo ilifika, na alikuwa na hofu moja tu. Daktari alikuwa amemwonya kwamba akirudia maziwa mabichi anaweza kuugua tena. Sasa, kwa bibi yake, huko tambarare chini ya mlima Hanang, mtoto anayerudi nyumbani hupewa maziwa ya kibuyu, kibuyu kilichofukizwa kwa kijinga cha moto mpaka kikanukia moshi. Maziwa hayo hayapikwi. Ya kupika ni ya chai. Kuyakataa ni kusema ng'ombe wa nyumba hii ni wabaya.

Aliniomba twende wote. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Gitting. Kwetu tungemdanganya tu bibi kwamba tumeshiba. Nilimshauri hivyo njiani.

"Nimdanganye leo, na kesho?" aliniuliza. "Yeye mwenyewe anayanywa kila siku."

Tulipofika tulitoa shikamoo, bibi akaitikia, na kibuyu kikaja. Mwenzangu alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chini taratibu.

"Bibi, niliumwa. Ugonjwa ulipita kwenye maziwa. Kesho niache nikamue mimi na nikuandalie mimi."

"Ng'ombe wangu wamekuwa nyoka?"

"Ng'ombe wako ndio walionikuza, bibi. Ndiyo maana sitaki kuwaogopa."

Bibi akakiokota kibuyu, akarudi nacho ndani.

Asubuhi mwenzangu alikamua. Akachemsha maziwa yakapanda mpaka juu, akayaacha yapoe kabisa. Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingelifikiria: akachukua kibuyu kingine, akakiosha kwa maji ya moto, akakifukiza upya kwa kijinga kama alivyofundishwa utotoni, ndipo akamimina. Moto ulikuwa umeua ugonjwa, na moshi ukarudisha ladha. Akampelekea bibi.

Bibi alinusa. Akanywa kidogo, akayazungusha mdomoni.

"Yamechoka."

"Yametoka safari, bibi."

Akanywa tena, mara hii kwa muda mrefu. "Kibuyu umekifukiza vizuri," alisema, bila kumtazama. "Lakini unakamua kama mwalimu. Umemwachia ndama nusu."

Siku zilizobaki bibi alikuwa akitukabidhi sufuria mwenyewe kila asubuhi, akinung'unika kwamba kuni zitaisha. Jirani mmoja alipomtania kuwa siku hizi anakunywa maziwa ya wagonjwa, alimjibu, "Mjukuu wangu ana darasa la kufundisha. Wewe una nini?"

Muhula ulipofunguliwa mwenzangu alipangiwa shule moja ya Mogitu. Alifundisha mpaka siku ya mwisho, na jioni zake zilikuwa za kusahihisha madaftari.