Gauni Lililokataa Kupiga Magoti

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila ikinijia nainamisha kichwa hata kama niko peke yangu jikoni. Nilidhani uzee ungenisahaulisha. Wapi! Sasa umeniuliza kama ubandike kibao mlangoni uanze kushonea watu, na mimi sitakujibu ndiyo wala hapana mpaka uisikie siku hiyo. Zima kwanza hiyo redio, ukae.

Mimi ni mzaliwa wa Iringa mjini, katika nyumba ya Waislamu waliokuja na biashara kutoka pwani, nikaolewa Mbeya miaka ile ya hamsini, kabla ya uhuru. Mume wangu alikuwa anakwenda Usangu kununua mpunga, akitoka harudi upesi, na mimi nabaki Ilomba na baridi yangu. Ilomba ya wakati ule ilikuwa mashamba na migomba, nyumba mojamoja, na majirani zangu karibu wote walikuwa Wanyakyusa. Kinyakyusa changu kilikuwa cha kuokoteza. Neno nililolijua sawasawa ni *ndaga*. Ukipewa kitu unasema ndaga, na ukitaka kuzidisha shukrani unasema *ndaga fijo*. Kwa maneno hayo mawili nikajiona nimekimaliza Kinyakyusa.

Mume wangu akaninunulia cherehani cha mkono, nadhani ili nipunguze kumlalamikia safari zake. Nikaanza kushona mito, halafu nguo zangu mwenyewe, halafu magauni ya majirani. Sikuwadai chochote. Nilishona kwa raha yangu, nikafunga gauni vizuri, nikalipeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Mama wa watu analipokea kwa mikono miwili, anakunja magoti kidogo kama ilivyo desturi yao, anasema ndaga fijo. Mimi narudi nyumbani kichwa kimevimba.

Ngoja nikwambie na hili, maana litarudi. Nguo zangu mwenyewe nilizivaa ndani ya kanga, kama nilivyolelewa, moja kiunoni na moja mabegani. Kilichoonekana kwa watu ni kola tu. Na kola, Mungu anisamehe, nilikuwa naijua kweli. Kwapani na mgongoni nilikuwa napapachika tu, pakikataa natia pini, kanga inafunika.

Basi wazo likaniingia: kwa nini nisifanye kazi hii kweli, kwa malipo, nikashonea hapahapa nyumbani? Mume wangu akasema yeye hana neno. Shangazi yangu, dada yake baba, ambaye ndiye aliyenishikisha sindano tangu utoto, alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Iringa. Nikamweleza nikitegemea anishangilie.

"Nani amekwambia unajua kushona?" akaniuliza.

"Wote, shangazi. Kila niliyemshonea ananishukuru."

"Sijakuuliza nani anashukuru. Umeshamwona hata mmoja analima na gauni lako? Anafua? Anabeba mtoto? Nenda huko shambani siku ya kazi, usiwaambie unakuja. Ukirudi ndiyo uniambie habari ya biashara."

Mwanangu, nilinuna. Nilisema moyoni kwamba mama huyu amezeeka, ananionea wivu cherehani changu, maana yeye alishona kwa mkono maisha yake yote. Sikwenda shambani kwa mtu. Shangazi akaondoka kurudi kwake, hata kumsindikiza nilimsindikiza kwa shingo upande.

Sasa nilikuwa na rafiki, Tupokigwe, binti wa jirani, tulikuwa tunachota maji pamoja. Akaposwa. Mama yake akanunua kitambaa cheupe kizuri, na kulikuwa na fundi mmoja mjini walitaka kumpelekea. Nikawawahi. Niliingia pale kwao nikasema gauni la harusi la Tupo nashona mimi, na ni zawadi yangu. Ukweli wenyewe ni kwamba nilitaka watu wote wa kanisani walione, kesho yake waje kwangu na vitambaa vyao. Tupo akamtazama mama yake. Mama yake akatazama chini. Kumkatalia mtu zawadi mbele ya uso wake, kwao, ni kumtukana. Tupo akasema, taratibu sana, "Ndaga fijo, dada." Nikakichukua kitambaa kabla hawajanyanyua macho.

Nilishona kwa kuiga picha niliyoiona imebandikwa dukani, gauni la kubana, limeshuka mpaka chini limebana na magoti. Siku ya kujaribu, Tupo akasimama katikati ya chumba changu kama alivyoambiwa.

"Dada, hii gauni inanibana magoti," akasema.

"Ndiyo mtindo wenyewe," nikamjibu. "Usiinameiname ovyo, utalikunja."

Akalivua, akanirudishia nimalizie. Angesema nini? Nilikuwa nimeshamshonea.

Siku ya harusi nilijitanguliza mbele kabisa, nje ya kanisa, mahali ambapo mtu akiuliza nani kashona nitakuwa karibu kujibu. Tupo akatoka na mumewe. Kwa kweli alipendeza, maana alikuwa amesimama wima. Upande wa bwana harusi walikuwa wamemkalisha bibi yake, kikongwe, kwenye kiti, wakimsubiri bibi harusi aje kumwamkia. Na kuamkia mzee kwa Wanyakyusa si kwa kusimama, mwanangu. Mwanamke anashuka chini, magoti yanagusa ardhi. Nilikuwa nimeishi nao, nimeamkiwa na kushukuriwa kwa magoti yaleyale, na nilipokuwa nashona halikunipitia kichwani hata mara moja.

Tupo alifika mbele ya kile kiti, akasita. Watu wakadhani ni haya ya bibi harusi. Mimi nilijua. Akageuza uso, akanitazama, bila hasira hata kidogo, na laiti angenitazama kwa hasira. Akisimama, ameidharau familia aliyoolewa kwa siku ya kwanza. Akishuka, gauni haliendi naye. Akashuka. Mshono ukafumuka kuanzia gotini mpaka kiunoni, na sauti yake kila mtu aliisikia.

Aliyekuwa karibu kuliko wote ni mimi, maana nilijipeleka mwenyewe. Sikuwaza. Nikavua kanga ya mabegani nikamfunika, nikaizungusha kiunoni mwake nikaikaza fundo. Nilipoinuka ndipo nikakumbuka nilichokivua. Mgongo wangu ulikuwa wazi mbele ya wanawake wote wa Ilomba. Mshono wa katikati umepinda, kitambaa kimekunjamana, kwapa moja limeachia nimelibana na pini, tena pini mbili. Gauni langu mimi, fundi. Nilitamani ardhi inimeze, na baridi ile ya Mbeya ikawa inaniingia kwapani kunikumbusha.

Yule kikongwe akanyoosha mkono akanishika kiganja. Akasema, "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Nikashangaa. Ananishukuru nini, na nimemwaibishia mjukuu? Nikamtazama usoni, na macho yake hayakuwa ya kushukuru. Yalikuwa ya kunihurumia. Kumbe neno lile, Wanyakyusa hushukuru nalo, na hutoa pole nalo.

Nilirudi nyumbani na kanga moja, nikazikumbuka ndaga zote nilizopokea milangoni mwa watu.

Tupo alikuja kunirudishia kanga yangu, ameifua na kuikunja. Sikuweza kumtazama. Nikamwuliza, "Tupo, yale magauni mengine niliyowagawia, mlikuwa mnanishukuru au mnanipa pole?"

Tupo si msema uongo, akanijibu, "Mengine, dada, tulishukuru." Halafu akacheka, nami nikacheka huku nalia.

Ndipo nikaenda nilikotumwa na shangazi. Nilipita mashambani wakati wa kulima, nikawakuta wengi wamevaa magauni yangu. Lakini kila mmoja alikuwa amefumua kwapani akatia kipande cha kitambaa kingine apate kuinua jembe, na mwingine amepasua pembeni apate kuchuchumaa. Walinitengenezea makosa yangu kimyakimya, na hakuna aliyenitangaza. Niliwaomba wanioneshe walivyofanya. Hiyo ndiyo shule yangu ya ushonaji. Kibao nilikuja kukibandika, lakini baadaye sana, shangazi alipogeuza gauni langu nje ndani, akaguna, akakosa cha kukosoa, akalirudisha.

Kwa hiyo, mwanangu, usiniulize mimi kama watu watakuja. Watu wanakusifu kwa sababu wanakupenda, na hilo ni jambo kubwa, lakini si jibu la swali lako. Yule unayempa bure hawezi kukwambia nguo inabana. Nenda kawaangalie wakiwa kazini na nguo zako. Na ukianza, mteja akijaribu nguo usimsimamishe mbele ya kioo umsifie. Mwambie ainue mikono, achuchumae, apige magoti. Akisema inabana, mshukuru, kaa chini ufumue.

Mwenyezi Mungu akubariki mikono na macho, akujalie wateja wanaorudi, na katikati yao akupe mmoja asiyekuonea haya. Leo huyo mmoja nitakuwa mimi. Hilo gauni ulilovaa umeshona mwenyewe, sivyo? Haya, vua kanga, geuka, nione mgongo.