Samaki Niliyemficha Baba

Mdogo wangu Idi,

Jana nilikufokea, kisa umeniomba mshipi wa Baba wa kuvulia ukarushie kishada. Nisamehe. Unanijua, uso kwa uso maneno hayanitoki, ndiyo maana nakuandikia humu daftarini. Soma polepole.

Naikumbuka mno ile Jumapili ya Durban. Wewe ulibaki na Mama hapa nyumbani Yeoville, mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwaka mzima Baba alikuwa ameinamia cherehani, akisema anataka siku moja tu ashike mshipi kama alivyofanya utotoni Tanga. Basi tukapanda basi, tukafika.

Pale ufukweni kila mtu alikuwa na fimbo ndefu ya kuvulia. Baba akatoa mshipi alioviringisha kwenye roli tupu la uzi wa cherehani. Mzee mmoja Mzulu akacheka, "Baba, unakuja kuvua au kushona?"

"Nikimpata samaki nitamshonea suruali," Baba akamjibu, nao wakacheka wote. Mimi niliona aibu, eish, nikatamani mchanga unimeze.

Baba akatia kipande cha ngisi kwenye ndoano, akarusha, kisha akaupitisha mshipi juu ya kidole changu cha shahada. "Mwanangu, hapa unasikiliza kwa kidole. Akidonoa, niambie. Huyu wa kwanza ni wako."

Tukakaa. Jua kali, mchanga hadi masikioni, nami nataka kurudi tu. Mara mshipi ukagonga kidoleni. Tk. Tk-tk. 

"Vipi, kuna kitu?"

"Hamna kitu, Baba."

Ukagonga tena, kwa nguvu. Sikumwambia. Alipovuta, ndoano ilikuwa tupu, chambo kimeliwa chote. Akaitazama, akanitazama mimi. Nilidhani atanigombeza. Akasema tu, "Kidole chako bado kichanga. Tutarudi." Akaanza kuviringisha mshipi, taratibu, kama anayekunja nguo ya mteja.

Hatukurudi. Ulipoingia ule msimu wa baridi alianza kukohoa, na kabla haujaisha tukamzika. Nilikaa kando ya kitanda chake siku nyingi, nikitaka kumwambia habari ya yule samaki, nikashindwa. Sijui kama alijua. Nadhani alijua.

Siku hizi huwa nafunga mshipi kwenye kitasa cha dirisha, nauweka kidoleni. Hamna kitu. Safari hii ni kweli.

Idi, mkubwa wako akikuita ukae naye kwenye furaha yake ndogo, kaa, hata kama inakuchosha. Hakuombi maisha yako yote. Na ukisikia kitu, sema umesikia. Mama akikuita jioni umshikie pindo la kitambaa, usimjibu kwamba umechoka.

Mshipi nimeuweka juu ya cherehani. Uchukue, ni wako pia, ila usiukate.

Mungu amlaze Baba pema, akukuze wewe, akupe kidole kinachosikia na mdomo usioogopa kama wangu.

Dada yako.