Ndugu Wawili wa Kishungi

Shule niliachia form two, lakini miaka ya elfu mbili hapo Kibomet, Kitale, nilijiona daktari wa kuku. Nilikuwa na jogoo wa kishungi na mtetea wa bantamu, wale kuku wadogo wa urembo wenye manyoya mpaka kwa vidole. Nikawaweka pamoja. Kwa vifaranga wao, wawili, jogoo na dada yake, wakamea vishungi kama mtu amewavalisha kofia ya sufu. Majirani walikuwa wanakuja kuangalia. Natupa punje ya mahindi, huyo dada anadonoa jiwe kando, watu wanashika mbavu. Mimi ndio nilikuwa nacheka zaidi.

Sasa nikataka wengine kama hao. Rafiki mmoja mfugaji akaniambia, "Ukitaka hiyo sura ikae, usiende mbali. Weka kaka na dada." Shida ni moja, majogoo za Kibomet hazina adabu, zinaruka ua. Nikawabeba kwa kikapu mpaka Bungoma, hapo Kanduyi, kwa shangazi yangu, dada ya baba. Banda lake lilikuwa na mlango na kufuli.

Shangazi akawapenda. "Hawa bwana na bibi umetoa wapi?"

"Ni ndugu, shangazi. Baba moja, mama moja."

Akaweka kikapu chini polepole. Huyu ndiye, nilipotaka kuoa, aliyeuliza ukoo wa msichana, wa mama yake, wa nyanya yake, mpaka nikaona nitazeeka bila bibi.

"Ndugu! Na mimi niwafungie nyumba moja, na kufuli juu?"

"Shangazi, kuku hana ukoo bana."

"Kuku hana. Lakini anayewaoza si ni wewe?"

Nikaona heri nimchekeshe. Nikatupa punje. Dada akadonoa simiti. Nikatupa ingine, akadonoa kidole chake mwenyewe. Shangazi hakucheka.

"Haoni?"

"Anaona kidogo, kwa upande."

"Ni ugonjwa?"

Ugonjwa ningetafutia dawa. Hii niliitengeneza mwenyewe, na nilikuwa nimepanda gari kutafuta mahali pa kutengeneza ingine kumi.

"Ni urembo," nikasema, lakini sauti ilitoka nyembamba, hata kuku mwenyewe hakuamini.

Shangazi akaleta makasi ya kushona. Mimi nikashika, yeye akakata. Manyoya ikaanguka chini, macho mawili ya rangi ya chungwa ikatokea. Kuku akanitazama vizuri, mara ya kwanza tangu aanguliwe. Halafu akatoroka mbio.

"Ameona sura ya baba mkwe," shangazi akasema, na sasa ndio akacheka.

Jogoo pia akanyolewa, nikarudi naye Kitale. Dada akabaki, akapewa bwana wa huko huko: jogoo ya jirani, shingo bila manyoya, sura kama yangu nikiamka.

Nilipowatembelea tena, walikuwa wamepata vifaranga tisa. Hakuna hata mmoja ambaye mtu angetoka kwake kuja kuangalia. Nikachuchumaa nikiwasikitikia. Ghafla mama yao akalia, na wote tisa wakapotea chini ya mkokoteni.

"Kwani nimewakosea nini?" nikauliza.

Shangazi akanielekezea juu. Mwewe ilikuwa inazunguka hapo, na mimi na macho yangu yote nilikuwa sijaiona.