Waziri Mpya, Likizo Ile Ile

Katika ofisi ya waziri wa uchumi kila kitu hubadilika isipokuwa Mama Ofisi. Ndiye katibu muhtasi pale, na jina hilo alibandikwa na madereva, maana mawaziri walikuja wakaenda, yeye yupo tu, kama kabati. Jamani, kuna watu wamezaliwa kubebeshwa.

Alianza kazi akiwa msichana mwembamba, ofisi yenyewe ikiwa vyumba viwili nyuma ya hazina, mabwana wachache wakibandika mipango ya maendeleo ukutani. Baadaye ikawa wizara kamili. Akaja mkubwa mmoja akasema uchumi na fedha ni kitu kimoja, zikaunganishwa. Mwingine akasema wapi, zikatenganishwa, na kila safari aliyefungasha mafaili ni Mama Ofisi. Halafu kila waziri mpya akiingia, lazima apate wa kumwelekeza. Likizo ya nani ikatwe? Ya Mama Ofisi, nani mwingine.

Ingekuwa ni mapumziko tu, angevumilia. Lakini mama yake mzazi alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, miaka sasa anapapasa kuta. Upasuaji uliahirishwa, ukaahirishwa tena, sababu ni hao hao mawaziri. Safari hii bi mkubwa alitia ngumu: atapasuliwa jicho moja kwanza, ila siku ya kufunguliwa bandeji, mtu wa kwanza kumwona awe binti yake. Mama Ofisi akaahidi.

Siku yenyewe alipitia ofisini kuacha funguo. Anatoka, mkoba begani, redio ya mlinzi ikatangaza kwamba baraza la mawaziri limepanguliwa. Hajafika getini, gari jeusi likaingia.

"Mama, naambiwa wewe ndiye unayeijua ofisi hii," alisema waziri mpya, kijana wa suti, mpole, na upole wake ndio uliokera zaidi. "Nisaidie kidogo. Hasa hasa, kazi yangu hapa ni nini?"

"Mheshimiwa, nina mgonjwa hospitali."

"Pole sana. Nusu saa tu."

Angemkatalia vipi? Alikaa, meno ameyauma, akaeleza kama alivyowaeleza mawaziri waliotangulia: ofisi inaangalia bei, ajira na biashara zinakwendaje, inaishauri serikali ipange nini kwa miaka ijayo, lakini fungu lenyewe liko kwa waziri wa fedha, ndiyo maana wawili hao hawapikiki chungu kimoja.

"Kwa hiyo mimi napanga, yeye analipa?"

"Akipenda, mheshimiwa."

Kijana akaomba aelezwe tena tangu mwanzo. Nusu saa hiyo ikala mchana wote.

Mama Ofisi alifika wodini jioni, amekasirika mpaka machozi yanamlenga. Bandeji ilishatolewa asubuhi. Nesi alimpokea amenuna.

"Mama yako ametutoa jasho. Tangu asubuhi amefumba macho. Daktari kabembeleza, sisi tumebembeleza, hataki kufumbua."

Bi mkubwa alikuwa ameketi kitandani, kope amezibana, mkaidi kwelikweli.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Akafumbua. Akamtazama mwanawe taratibu, uso, shingo, kisha akanyoosha mkono akazishika nywele zilizokwisha kuwa nyeupe.

"Mbona umezeeka hivi, mwanangu? Wamekufanya nini?"

Mama Ofisi, aliyewaeleza mawaziri wote hao, akaketi kitandani, akaanza kumweleza mama yake tangu mwanzo.