Salfa Chini ya Kitanda

Naitwa Somoe, mkulima wa korosho wa Rutamba. Kabla ya maradhi haya nilibeba mashine mgongoni, nikapulizia mikorosho salfa, ule unga wa kuzuia ubwiri, ugonjwa wa mikorosho, kisha nikarudi kupika na kucheka. Kifua kuuma nilikuwa nasikia kwa wenzangu tu.

Kikohozi kilinianza msimu wa kupulizia. Nikakidharau. Msimu ukapita, chenyewe kikabaki. Nilikohoa mpaka mkojo ukanitoka. Kifua kikawa kinapiga mluzi. Asubuhi moja nikatema damu. Nikaifukia kwa mguu upesi, mume wangu Hamisi asiione.

Akaiona. Akanipeleka hospitali, Lindi mjini. Wakapima makohozi, si kifua kikuu.

"Njia za hewa zimevimba, mama," daktari akasema.

"Ni ile salfa ya shambani?"

"Huenda. Lakini msimu umekwisha, mbona hupati nafuu?"

Akanikutanisha na binti mmoja mtafiti. Huyo akanifunga kiunoni simu na kidude cha kupima vumbi. "Simu inajua ulipo, kidude kinajua unachovuta. Ukilala, viweke kando ya mto."

Wiki nzima nilikuwa navyo nyumbani. Kisha nikaenda kwa dada yangu, huko Mitwero, nikae karibu na hospitali. Huko ndiko binti alikonifuata na majibu. Akanionyesha mstari wa vumbi nililovuta kwenye kioo cha simu. Shambani uko chini. Jikoni umepanda. Halafu umeruka juu kabisa.

"Hapa ni wapi, mama?"

Chumbani kwangu. Tuliweka mifuko ya salfa chini ya kitanda kwa kuogopa wezi, na mmoja ulikuwa umepasuka.

Nilipoondoka, kitanda kile nilimwachia binti yangu Zuhura, mzazi, alale na kichanga chake mpaka arobaini.

Nikapiga simu. Haikupokelewa. Mara ya tano Hamisi akaitika.

"Mtoeni mtoto chumbani!"

"Amelala. Tangu jana anakohoa..."

"Mtoeni, Hamisi! Sasa hivi!"

Mtoto alilazwa hospitali, siku nne ana mpira wa hewa puani, mbavu zinaingia ndani. Kila muuguzi aliponikaribia, nilifumba macho. Siku ya tano akanyonya.

Nami nikapona, polepole, kwa dawa ya kuvuta. Alhamdulillahi, na Mungu amlipe yule binti mtafiti.

Ndugu zangu, salfa ijengeeni banda mbali na mnapolala. Nguo za kupulizia zivulieni nje. Kikohozi msikizoee, kapimweni. Mjukuu wangu sasa anatambaa. Lakini akipaliwa tu na uji, mimi nimeshasimama.