Herufi Kubwa kwa Mkubwa

Ofisini walimwita Mama Koma, maana hakuna aliyewahi kumpelekea kazi yenye koma mahali pasipofaa ikapita salama. Naye alilipenda jina hilo. Ukilisema kwa ukali, linageuka amri.

Kampuni yao iliandika programu za kuendesha lifti, ikiwemo ya lifti ya jengo lao wenyewe, iliyokuwa ikiguna kama mzee anayeinuka kitini. Kila badiliko la programu lilikuwa na maelezo yake: mstari wa kwanza kichwa cha habari, chini yake habari yenyewe. Mkubwa, ambaye maelezo marefu yalimpa usingizi hata yakihusu mshahara wake, alimwagiza Mama Koma abuni namna ya kuyaonyesha kila mtu apendavyo: kwa kirefu, kwa mstari mmoja, pamoja na jina la mhusika au bila jina. Unabonyeza herufi, unapewa ulichotaka.

Shida ikawa lugha, maana kila mhusika alianza na herufi ile ile. Mwandishi wa badiliko, m. Mpitishaji, yaani wa kuidhinisha, Mama Koma mwenyewe, m. Mkaguzi, mteja, mjinga, wote m.

"Lugha gani hii, kila mtu m?" akalalamika Mama Koma.

"Ndiyo maana haijulikani nani kaharibu, dada," akajibu mpwa wa Mkubwa, aliyeajiriwa kwa kipaji cha kuzaliwa na dada wa Mkubwa.

Mama Koma akakata shauri: m ndogo mwandishi, M kubwa mpitishaji. Akajipongeza kwa chai.

Siku wakaguzi wa lifti walipotarajiwa, Mkubwa alichapisha historia nzima ya mabadiliko ya lifti ya jengo lao akaibandika ukutani: mstari mmoja mmoja, na jina pembeni.

"Mkubwa, mbona kila badiliko lina jina langu?"

"Nimebonyeza M."

"Ndogo au kubwa?"

"Mwanangu, na ukubwa wangu huu? Ndogo nimewaachia nyinyi."

Mama Koma akacheka. Kisha akazisogelea karatasi. Mstari wa mwisho, wa jana, ulisema: *Marekebisho madogo.* Hiyo ilikuwa kazi ya mpwa. Mama Koma aliipitisha kwa kuutazama mstari huo tu, kwa njia aliyoibuni mwenyewe na kuionea fahari. Akarudi mezani, akaifungua kwa kirefu.

*Marekebisho madogo.*

*Nimezima breki ya dharura nijaribu kitu. Dada, usiipitishe kwanza.*

Koma ilikuwa mahali pake.

"Wakaguzi wako wapi?"

"Wanapanda," akasema Mkubwa. "Nimewaambia waje na lifti, wajionee kazi yetu."

Mama Koma alikimbilia ukumbini. Juu ya mlango wa lifti namba za ghorofa zilikuwa zikiwaka: tatu, nne, tano. Lifti haikuguna. Tangu aajiriwe hakuwahi kuisikia kimya namna ile.

Nne.

Tatu.

"Koma," akasema, taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

Nyuma yake, Mkubwa alikuwa amesimama mbele ya karatasi za ukutani, kidole kikishuka mstari kwa mstari, akisoma kwa sauti jina lile lile.