Kioo cha Ndege ya Ardis

Ardis Haugerud aliendesha lori la maziwa miaka thelathini na mmoja katika mashamba ya Wisconsin, na wafugaji walimjua kwa maswali yake. Akija kupakia maziwa atataka kujua ule mkanda unazungusha nini, kwa nini pampu inakohoa, na yule ng'ombe anayesimama peke yake kaudhiwa na nani. Alipostaafu, mumewe Verlin alidhani sasa atatulia. Ardis akaagiza ndege.

Ilikuja vipande vipande ndani ya masanduku: mabati ya aluminiamu, ribiti za kuungia mabati hayo elfu kumi na ushei, na kitabu cha maelekezo kizito cha kubebwa kwa mikono miwili. Akaanza kuiunga ghalani, palipokuwa pakiwekwa nyasi kavu za ng'ombe. Ilimchukua miaka sita kumaliza mkia, mabawa na kiwiliwili, na kufunga injini. Kilichobaki ni kifuniko cha chumba cha rubani, kuba la plastiki angavu kama kioo, ambalo mjenzi hulikata mwenyewe mpaka likae sawasawa. Ardis alilikata mwezi wa Novemba, ghala likiwa limeshika baridi. Alisikia mlio mmoja mkavu, na ufa ukakimbia toka ukingoni hadi juu.

"Ipeleke kwa mafundi," Verlin alimwambia. "Hata mimi meno yangu sing'oi mwenyewe."

Baridi ilipokwisha, wakakipakia kiwiliwili chenye mkia wake kwenye trela, pamoja na kuba jipya, wakakipeleka kwenye karakana ya Wendell Prochaska, kando ya kiwanja kidogo cha ndege. Kazi ya Wendell ilikuwa kuwasaidia watu wanaojijengea ndege. Alikuwa mzee mrefu, si msemaji, na jambo la kwanza lililomshangaza Ardis ni kwamba aliizunguka ndege yote mikono ikiwa mifukoni.

"Utalikata lini?" Ardis aliuliza.

"Mimi? Unakata wewe."

"Wendell, mimi ndiye niliyelipasua lile la kwanza!"

"Basi unajua linavyopasuka. Nitakuonyesha kwenye kipande kibovu, kisha utafanya mwenyewe. Sheria inataka zaidi ya nusu ya kazi iwe ya mwenye ndege."

"Hiyo nusu niliipita zamani."

"Haya, ongeza na hii."

Kabla ya yote akaomba tochi, akaingiza kichwa mkiani. Akakaa humo karibu saa nzima.

"Hizi ribiti ulizipiga mwaka gani?"

"Mwaka wa kwanza."

"Zinajieleza." Akampa kalamu ya wino mwekundu, akawa anamtajia moja moja naye azitie alama. Zikafika themanini na sita. Zote zilitakiwa kutolewa.

Ardis alihisi masikio yakimwaka. "Zimeshika miaka sita hizi!"

"Zimeshika ghalani. Ghala haliruki."

Siku mbili nzima alizitoa kwa drili na kupiga mpya. Wendell alisimama pembeni akisema maneno machache: inua mkono, usiiharakishe, iache ijaze tundu yenyewe. Siku ya tatu Ardis aliiweka ribiti ya zamani na mpya kwenye kiganja, akazigeuza chini ya taa. Ya zamani ilikuwa imelala upande kama kofia ya mlevi. Hasira zikamwisha. Miaka sita alikuwa akizipiga, na hakuwahi kuona kichwa cha ribiti kinavyotakiwa kuwa.

Lakini ile mikono ya Wendell, iliyorudi mifukoni kila alipoikaribia ndege, ilimsumbua. Labda inatetemeka, aliwaza, anaona haya. Akamvizia akimimina kahawa. Hakumwaga hata tone. Mchana, walipokaa kula vipande vya jibini mbichi, akashindwa kujizuia.

"Wendell, hiyo mikono ina nini?"

Mzee alitafuna mpaka akameza. "Palikuwa na mteja, muuza matrekta. Hakuwa na subira. Nikamjengea karibu ndege yote, tukatia saini wote wawili kwamba kajenga yeye. Siku moja injini ikamzimikia angani. Alitakiwa afungue tangi la pili la mafuta. Kitasa chake ni lazima ukibonyeze kwanza ndipo kizunguke. Mimi nilijua, nilikifunga mimi. Yeye akakazana kuzungusha tu."

"Akafa?"

"Alitua kwenye mahindi. Alivunjika miguu yote miwili. Kila Krismasi ananitumia kadi. Ingekuwa heri angenitukana."



Asubuhi ya kukata, Wendell aliwasha majiko ya joto mpaka karakana ikawa kama jiko la mkate, plastiki ipate kulainika. Ardis alishika mashine ya kukatia, jasho likimtiririka. Nusu ya njia mashine ilishtuka mkononi mwake. Mikono ya Wendell ikaruka kutoka mifukoni, ikasimama hewani bila kugusa kitu. Ardis akashusha pumzi, akaendelea, mpaka pande mbili zikaachana kimya.

"Umetoa mikono," alisema.

"Niliona joto."

Mwezi wa Agosti, mabawa yakiwa yamekwisha kufungwa, mkaguzi wa serikali alikuja, akapekua kila kona, akatia saini. Ardis, aliyekuwa na leseni ya urubani tangu zamani, alijinoa kwanza na mwalimu kwenye ndege inayofanana na yake, kisha mwezi uliofuata akaruka peke yake juu ya kiwanja kwa dakika arobaini. Verlin na Wendell walisimama kwenye majani wakitazama juu. Aliposhuka alikuwa mweupe usoni, na kicheko kilikuwa kimemkaba hata hawezi kufungua mkanda.

"Ikoje?" Wendell aliuliza.

"Bawa la kulia linazama kidogo. Kwa nini?"

"Unadhani kwa nini?"

Wakaingia wote wawili chini ya bawa. Iliwachukua wiki nzima kuona kwamba kibawa kidogo kwenye ukingo wa nyuma wa bawa hilo kilikuwa kimekaa juu kidogo, Ardis akakirekebisha.

Sasa Jumamosi huruka hadi viwanja vya jirani, kula chapati za maji na wajenzi wenzake. Verlin alikwenda naye mara moja, akafumba macho njia nzima, na anasema mandhari ilikuwa nzuri sana.